Kukuza Mtikisiko Usioonekana kwa Video: Dalili za Makosa na Vyanzo Vyake

Mota ya mashine ya kusaga inayozunguka mara 1,440 kwa dakika huweza kukisukuma kitako chake mara 24 kwa sekunde, huku fundi aliyesimama mbele yake haoni ila chuma kilichotulia na unga unaopeperuka. Programu za kukuza mtikisiko hulifanya jambo hilo lionekane. Huchukua kila sehemu ya picha na kuangalia jinsi mwanga wake unavyopanda na kushuka kutoka fremu hadi fremu (fremu ni picha mojamoja zinazounda video), huchuja mabadiliko yaliyo katika masafa uliyoyachagua tu (yaani idadi ya mitikisiko kwa sekunde moja, inayoandikwa Hz), huyazidisha mara kumi, ishirini au hamsini, kisha huyarudisha ndani ya picha ya awali. Njia hii ilitangazwa mwaka 2012 na watafiti wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, na mwaka 2013 ikafuatiwa na njia ya pili inayozidisha mabadiliko ya awamu (yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake) ya mawimbi yanayounda picha badala ya kuzidisha mwanga wenyewe.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba programu haijui mota ni ipi na ukuta ni upi, wala haimfuatilii mtu au kitu. Inachokijua ni mwanga uliobadilika. Taa inayong'aa na kufifia haraka, kamera inayotikiswa na sakafu, chenga za picha (nukta zinazochezacheza ovyo) na alama zinazoachwa na kubanwa kwa faili ili lipungue ukubwa, vyote hivyo kwake ni mtikisiko halali na vitakuzwa kwa kiwango kilekile. Kwa sababu hiyo, kila dalili iliyoelezwa hapa chini inarudi kwenye swali moja: je, kilichoonekana kilikuwapo kabla programu haijakigusa?

Kila kitu kinacheza, hata ukuta

Hii ndiyo dalili ya kwanza ambayo karibu kila anayeanza hukutana nayo. Video ikikuzwa, mota inaruka, mkanda wa mashine unaruka, na ukuta ulio nyuma yake unaruka pamoja navyo kwa mwendo mmoja na upande mmoja. Mwenye haraka huandika katika ripoti yake kwamba jengo lina mtetemo. Jengo likiwa na mtetemo kweli, sehemu zake hazitatembea zote sawasawa; paa litatembea zaidi ya msingi, na kona moja itachelewa nyuma ya nyingine. Vitu vyote vikienda kwa pamoja kama picha iliyobandikwa kwenye karatasi moja, kinachotembea ni kamera.

Nilijifunza hilo kwenye kibanda cha mashine ya kusaga ambacho mwenye mashine alikuwa amekwisha kubadilisha beringi za mota mara mbili bila kelele kupungua. Niliweka stendi ya kamera hatua tatu kutoka kwenye mota, juu ya zege lilelile lililobeba mashine, nikarekodi, na jioni nikaona debe la mahindi lililokuwa kwenye kona likiruka kama lina uhai. Miguu ya stendi ilikuwa ikipokea mtetemo wa sakafu na kuupeleka kwenye kamera. Kesho yake nilitoa stendi nje ya kibanda, nikaisimamisha kwenye udongo, nikarekodi kupitia mlangoni. Debe likatulia.

Kwa hiyo, kabla ya kurekodi, hakikisha ndani ya picha kuna kitu ambacho una uhakika kwamba hakitikisiki, au ambacho hakijaunganishwa na mashine kwa namna yoyote. Ukikuza video na kitu hicho kikatembea, usiendelee na kazi; hamisha stendi, punguza urefu wa miguu yake, ning'iniza mfuko wa mchanga katikati yake, na anzisha kurekodi kwa kuchelewesha sekunde kumi ili kidole chako kisiiguse simu. Zima pia mfumo wa kutuliza picha uliomo ndani ya simu. Mfumo huo husogeza lenzi au kukata kingo za picha ili kufidia mkono unaotetemeka, na kamera ikiwa juu ya stendi huweza kuongeza msogeo mdogo ambao haukuwapo.

Kuna chanzo kingine kinachofanana na hiki lakini kinaishia katika sehemu ya picha. Ukuta ulio nyuma ya bomba la moshi au juu ya bati lenye jua kali hucheza kama maji, huku ukuta wa upande wa pili ukiwa umetulia. Hiyo ni hewa ya moto inayopinda mwanga. Tiba yake ni kurekodi asubuhi au kubadili pembe, kwa maana hakuna mpangilio wa programu utakaoiondoa.

Masafa yanayosomeka hayaendani na mashine

Programu nyingi huchora grafu inayoonyesha mtikisiko una masafa gani. Mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika inatarajiwa kuonyesha 24 Hz, kwa kuwa 1,440 ukigawanya kwa 60 unapata 24. Ukiona 1 Hz, 3 Hz au 6 Hz, usikimbilie kuilaumu mashine, kwani kila moja ya namba hizo ina maelezo yake katika kamera.

Kamera inayopiga fremu 30 kwa sekunde haiwezi kusoma kwa uaminifu mtikisiko unaozidi 15 Hz, yaani nusu ya fremu zake. Mtikisiko ulio juu ya hapo haupotei, bali hujitokeza ukiwa umevaa masafa ya uongo. Mtikisiko wa 24 Hz ukirekodiwa kwa fremu 30 husomeka 6 Hz, na ukirekodiwa kwa fremu 25 husomeka 1 Hz, kama kitu kinachoyumba polepole kwa upepo. Nyundo za mashine zinazozunguka mara 2,900 kwa dakika, ambazo ni kama 48.3 Hz, zikirekodiwa kwa fremu 25 zitaonekana zikitikisika kwa takriban 1.7 Hz. Rekodi kwa fremu zisizopungua mara mbili ya masafa unayoyatafuta, na kwa kazi ya kweli jitahidi kufikia mara nne au zaidi. Kama simu yako haina fremu nyingi, rekodi mara mbili kwa viwango tofauti, kwa mfano 25 na 30. Masafa ya kweli hayatahama, ilhali ya uongo yatahama.

Namba ya 3 Hz ina asili tofauti, na ndiyo inayowapotosha wenye simu nzuri. Simu inaporekodi kwa fremu 240 kwa sekunde, mara nyingi huhifadhi faili litakalochezwa polepole kwa fremu 30. Programu ya kukuza husoma maelezo ya faili, huona 30, na kuhesabu kila kitu kikiwa kimegawanywa kwa nane, ndipo 24 Hz ikawa 3 Hz. Dawa ni kuiambia programu kiwango halisi cha kurekodi, ama kwa kukiandika mwenyewe katika mipangilio yake au kwa kubadilisha faili kwanza.

Masafa yakiwa hayaendani na lolote kati ya haya, na kilele cha kwenye grafu kikiwa kipana kama kilima badala ya kuchongoka, chunguza kama simu hubadilisha idadi ya fremu katikati ya kurekodi. Simu nyingi hufanya hivyo mwanga unapopungua. Programu ambayo hudhani kuwa fremu zimepishana kwa muda sawa itachanganya hesabu yake yote. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga idadi ya fremu, na urekodi kwa muda wa kutosha: sekunde 10 hukuwezesha kutofautisha masafa yaliyopishana kwa kama 0.1 Hz, lakini sekunde 2 haziwezi kutenganisha hata 24.0 na 24.3.

Picha nzima inapwita

Picha inapong'aa na kufifia kwa mpigo, chanzo cha kwanza cha kushuku ni taa. Umeme wa Tanzania, Kenya na nchi jirani ni wa 50 Hz, na taa nyingi zinazoutumia humulika na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera inaona. Kwa fremu 30 mmuliko huo hujitokeza kama mpigo wa 10 Hz, na kwa fremu 60 kama 20 Hz. Hata fremu 120, ambazo mtu angedhani zinatosha kwa kila kitu, huuleta mmuliko wa taa kwenye 20 Hz, karibu mno na 24 ya mota yetu. Kwa fremu 240 mmuliko unabaki mahali pake pa 100 Hz, na kichujio cha kati ya 22 na 26 Hz kitauacha nje.

Mchana, zima taa na ufungue mlango. Mwanga wa jua haung'ai na kufifia hivyo. Ikibidi kutumia taa, na idadi ya fremu ikiruhusu, weka shata (muda ambao kamera hupokea mwanga wa fremu moja) kwenye 1/100 ya sekunde, ili kila fremu ipokee mmuliko mmoja kamili na mabadiliko yajifute yenyewe. Taa ya tochi inayotumia betri ni msaada mzuri, isipokuwa zile za bei nafuu ambazo hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka.

Kama mpigo ni wa polepole na hauna mpangilio, taa haina kosa. Simu yenyewe inarekebisha mwangaza, fokasi au rangi kila unga unapopita mbele ya lenzi. Funga vyote vitatu kabla ya kurekodi. Fokasi inayohangaika huweza kuifanya picha ivimbe na kusinyaa kutoka katikati, na mtu asiyeijua dalili hiyo huapa kwamba mota inavimba.

Kingo zinajirudia na rangi zinageuka

Hapa kosa ni la tamaa. Njia ya mwaka 2012 ina mpaka unaoeleweka: mwendo halisi, ukizidishwa kwa kipimo cha ukuzaji kilichoongezwa moja, usizidi sehemu ya nane ya upana wa wimbi la michoro iliyomo katika picha, yaani umbali kutoka mstari mmoja hadi unaofuata. Kitu kilichosogea kwa 0.1 ya pikseli (nukta moja ya picha) kikikuzwa mara 20, michoro yenye upana wa chini ya takriban pikseli 17 itavunjika na kuacha vivuli, kingo maradufu na madoa meupe na meusi. Punguza kipimo, au iamuru programu isikuze michoro midogo kama ina kitufe hicho. Njia ya mwaka 2013 huvumilia ukuzaji mkubwa zaidi, tena huzisogeza chenga badala ya kuzidisha ukali wake, na kwa kazi za mashine sioni sababu ya kutumia ya kwanza isipokuwa kompyuta ikiwa dhaifu.

Mtikisiko laini unaoonekana kila unapoutafuta

Dalili zilizotangulia zinajitangaza. Hii haijitangazi, na kwa maoni yangu imeharibu ripoti nyingi kuliko nyingine zote. Video inatoka safi, kitu kinayumba taratibu na kwa ulaini, masafa yanalingana kabisa na yale uliyoyatarajia, na kila mtu chumbani anatikisa kichwa kwa kukubali.

Tatizo liko kwenye kichujio. Chenga za kawaida za kamera zina masafa ya kila aina ndani yake. Ukizipitisha katika kichujio chembamba sana, tuseme kati ya 23.9 na 24.1 Hz, kitakachotoka upande wa pili ni mwendo laini wa 24 Hz, hata kama kilichorekodiwa ni jiwe. Umeomba 24 Hz na kichujio kimekupa 24 Hz. Kadiri unavyokibana, ndivyo uongo unavyokuwa mzuri wa kutazama.

Jaribio la kuutambua halichukui dakika tano. Tumia video ileile na kipimo kilekile cha ukuzaji, lakini hamishia kichujio chenye upana uleule mahali ambapo mashine haina sababu ya kutikisika, kwa mfano karibu na 17 Hz. Mtikisiko wa kweli utatoweka au kupungua sana. Mtikisiko wa chenga utabaki na ukubwa wake, ukibadilisha kasi tu. Baada ya hapo rekodi mashine ikiwa imezimwa, kwa mpangilio uleule, na ukuze video hiyo pia. Nisipoziona video hizo mbili za kulinganisha, siisaini ripoti ya mtu.

Angalia vilevile sekunde ya mwanzo na ya mwisho ya video iliyokuzwa. Kichujio huhitaji muda wa kutulia, na mruko unaoonekana pale mwanzoni kisha ukafa ni wa kichujio chenyewe. Kata sehemu hizo.

Mapigo ya moyo yanayotoka sawasawa mno

Njia hiihii huonyesha damu inavyopita chini ya ngozi ya uso, kwa sababu kila pigo la moyo hubadilisha kidogo mwanga unaorudishwa na ngozi, hasa katika rangi ya kijani. Mtu mzima aliyepumzika ana mapigo 60 hadi 100 kwa dakika, yaani kati ya 1 Hz na 1.7 Hz. Ukipata mapigo 60 kamili yasiyopanda wala kushuka, shuku faili. Video nyingi zinazobanwa huweka fremu kamili kila baada ya muda maalumu na kujaza katikati kwa makadirio. Fremu hiyo kamili ikiwekwa kila baada ya fremu 30 katika video ya fremu 30 kwa sekunde, picha hushtuka mara moja kila sekunde, na mshtuko huo huangukia papo hapo penye mapigo ya moyo. Weka mtungi kando ya uso wa mtu wakati wa kurekodi. Mtungi ukionyesha mapigo, tafuta njia ya kurekodi isiyobana faili kiasi hicho.

Kwa ngozi nyeusi ishara hii ni hafifu zaidi, kwani melanini, rangi asilia ya ngozi, hufyonza sehemu kubwa ya mwanga kabla haujaifikia damu na kurudi. Wengi hujibu kwa kupandisha ukuzaji, jambo linalopandisha chenga pamoja nao. Lililo sahihi ni kuongeza mwanga wa mchana usoni, kumkalisha mtu kwa utulivu na kurekodi kwa muda mrefu zaidi. Na matokeo yake, hata yakiwa mazuri, hayachukui nafasi ya kipimo cha daktari.

Hakuna kinachoonekana kutembea

Mkono unausikia mtetemo, lakini video imetulia. Chanzo cha kwanza ni shata iliyo wazi muda mrefu. Kwenye kibanda chenye giza simu inayorekodi fremu 25 huweza kuacha shata wazi kwa karibu 1/25 ya sekunde. Katika muda huo kitu cha 24 Hz kimekwenda na kurudi karibu mzunguko mzima, na kinachobaki katika fremu ni chini ya sehemu moja ya ishirini ya mwendo wake. Kwa shata ya 1/100 hupotea kama sehemu moja ya kumi tu. Chanzo cha pili ni umbali. Picha inayoshika upana wa mita moja kwa pikseli 1,920 huipa kila pikseli nusu milimita, na mtikisiko wa sehemu ya kumi ya pikseli ni 0.05 ya milimita. Ukisimama mbali mara tatu, unahitaji mwendo mkubwa mara tatu ili uuone vilevile. Chanzo cha tatu ni kutuma video kwa WhatsApp ili ukuzie kwenye kompyuta ya ofisini. Ikibanwa upya, tofauti ndogo ulizozitafuta ndizo za kwanza kutupwa. Itume kama dokumenti au uinakili kwa waya.

Vyanzo viwili vya mwisho vilinikuta kwenye kibanda kilekile. Debe lilikuwa limetulia, shata ilikuwa sawa, na mkono wangu uliusikia mtetemo waziwazi kwenye kitako cha mota, lakini video ilionyesha chuma kilicholala. Kitako kilikuwa kimepakwa rangi mpya ya kijivu, laini bila doa, na mahali ambapo mwanga haubadiliki kutoka pikseli moja hadi ya pili programu haina cha kusoma hata kitu kikisogea. Nikachukua chaki na kuchora misalaba midogo juu ya kitako, juu ya kichwa cha kila bolti, na juu ya zege pembeni yake.

Bado hakuna kitu. Kisha nikatazama niliposimama: kamera ilikuwa mlangoni, ikielekea mota, na mkanda ulikuwa ukivuta kwenda nyuma ya kibanda, moja kwa moja mbali na lenzi. Kinachosogea kuelekea kamera na kurudi hubadilisha ukubwa wake kidogo mno, na kwa umbali ule hakikuonekana kamwe. Nilizunguka ubavuni, nikaomba bati moja la dirisha liondolewe, nikasimamisha stendi kwenye udongo wa nje na kurekodi sekunde 12 kwa fremu 240, mashine ikisaga, na nyingine 12 ikiwa imezimwa.

Katika video ya pili misalaba yote ilisimama. Katika ya kwanza, kwa kichujio cha 22 hadi 26 Hz na ukuzaji wa mara 20, kitako kilikwenda mbele na nyuma kwa mvuto wa mkanda, kichwa cha bolti ya kushoto kikaenda nacho, na msalaba uliochorwa juu ya zege ukaenda navyo vyote, huku sakafu iliyo upana wa kiganja kutoka hapo ikiwa haijatikisika. Bolti ilikuwa imekazwa vizuri. Kipande cha zege kilichoishika ndicho kilichokuwa kimeachana na sakafu, chini ya rangi, na ufa wake ulionekana tulipoukwangua kwa ncha ya bisibisi.